Mashahidi Wawili wa Usahaulifu

Lugha ya Kiswahili haimlaumu sana mtu aliyesahau. Anapolitafuta jina la jirani asilipate, hasemi kwamba amelipoteza. Husema, jina limenitoka. Jina ndilo lililotenda, yeye ametendwa. Akiuacha ufunguo mlangoni husema amepitiwa, kana kwamba kitu kimepita juu yake kikaenda zake. Akikosa miadi husema ameghafilika. Na kile alichokishika barabara, iwe kasida au nasaba ya ukoo, husemwa kuwa amekihifadhi kwa moyo, au kwa ghibu, ubongo hautajwi. Maneno haya yametungwa kwa ajili ya usahaulifu wa kila siku, ule ambao mtu huucheka saa ile ile. Jina lililotoka asubuhi hurejea adhuhuri, lenyewe, bila ya kuitwa.

Lakini upo usahaulifu mwengine, ambao jina likitoka halirudi. Baada ya jina hutoka siku ya wiki, kisha njia ya nyumbani, kisha sura ya mtoto wa kuzaa mwenyewe. Kwa usahaulifu huu maneno ni machache: husemwa kwamba mzee amerudi utotoni, na mazungumzo yakaishia hapo. Msemo huo una huruma ndani yake, maana mtoto mchanga hakemewi kwa kutojua. Lakini pia ni pazia, kwani huyaita maradhi kwa jina la umri. Wala si Waswahili peke yao waliolitundika pazia hilo. Huko Ulaya na Marekani, mpaka kwenye miaka ya 1970, ugonjwa wa Alzheimer ulihesabiwa kuwa ni maradhi adimu ya watu ambao bado hawajafika uzeeni, na mtu wa miaka 80 aliyepotewa na kumbukumbu alisemekana kuwa amezeeka tu. Ni katika mwaka 1976 ndipo daktari Robert Katzman wa Marekani alipoandika kwa mkazo kwamba maradhi ya yule wa miaka 50 na ya yule wa miaka 80 ni mamoja.

Pazia lilipofunuliwa, swali lililobaki ni hili: nani aaminiwe katika kuyatambua maradhi hayo? Wapo mashahidi wawili. Wa kwanza ni protini zilizomo ubongoni. Wa pili ni maneno ya mgonjwa mwenyewe, yale yanayomtii na yale yanayomkimbia. Historia ya maradhi haya ni historia ya mashahidi hao: walianza pamoja, wakatengana, na katika miaka hii wamefika mahali pa kupingana.

Walianza pamoja mjini Frankfurt, Ujerumani. Tarehe 25 Novemba 1901 mwanamke wa miaka 51 aitwaye Auguste Deter alipokewa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya mji huo. Siku ya pili yake daktari Alois Alzheimer aliketi naye, akamwuliza maswali na kuyaandika majibu yake. Jina lako nani? Auguste. Jina la ukoo? Auguste. Na mumeo anaitwaje? Akafikiri, kisha akasema anadhani ni Auguste. Jina moja lilikuwa limebaki, nalo likawa linajaza nafasi ya kila jina lililotoka. Alipotakiwa kuliandika jina lake kamili hakuweza kulimaliza. Na alisema, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba amejipoteza. Hakuna daktari aliyemfundisha usemi huo. Alikuwa akieleza alichokiona kutoka ndani, mahali ambapo hapana mwengine awezaye kusimama.

Auguste alifariki tarehe 8 Aprili 1906. Alzheimer, ambaye wakati huo alikuwa amehamia Munich, aliomba apelekewe faili la mgonjwa pamoja na ubongo wake. Aliutia ubongo ule rangi kwa chumvi za madini ya fedha, akautazama kwa hadubini, akaona vitu viwili: mabaka yaliyotapakaa nje ya chembe za neva, na nyuzi zilizosokotana mafundo ndani ya chembe zenyewe. Tarehe 3 Novemba mwaka huo huo aliyaeleza hayo mbele ya madaktari wenziwe mjini Tübingen, na mwaka 1910 Emil Kraepelin akayapa maradhi hayo jina la Alzheimer katika kitabu chake cha tiba ya akili. Ushahidi wa mwanzo, basi, ulikuwa na pande zote mbili: maneno ya mwanamke yalikuwa katika faili, na mabaka na mafundo yalikuwa chini ya kioo.

Baada ya hapo faili lilipotea. Lilikuja kuonekana mwaka 1995 katika makabrasha ya hospitali huko Frankfurt, ilipokwisha kupita karibu miaka 90. Kwa muda wote huo wataalamu walikuwa wakiyafuata mabaka na mafundo, ilhali sauti ya Auguste ililala kimya ndani ya karatasi.

Waliyafuata kwa bidii, na walipata mengi. Mwaka 1984, huko California, George Glenner na Caine Wong waliitenga protini ambayo sasa huitwa beta-amiloidi. Hicho ni kipande kidogo kinachokatwa kutoka katika protini kubwa iliyo kwenye utando wa chembe. Kila ubongo hukikata, hata ubongo wa kijana mwenye afya. Balaa huanza pale vipande hivyo visipoondolewa, vikagandana na kuwa mabaka. Na katika miaka hiyo hiyo ya 1980 ilijulikana kwamba mafundo yamefanywa kwa protini nyengine, iitwayo tau. Tau si adui kwa asili yake. Kazi yake ni kuvikaza vijibomba vyembamba ambavyo kwavyo chembe ya neva hupitisha mahitaji yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Inapobandikwa fosfeti kupita kiasi huachia pale iliposhika, ikajisokota, na njia zikaharibika.

Mpangilio wa matukio nao umejulikana. Amiloidi hutangulia, tau huenea baadaye. Mafundo ya tau huanza jirani na hipokampasi, sehemu inayopokea mambo mapya yatakayokuwa kumbukumbu, kisha hupanda na kutanda juu ya gamba la ubongo. Kadiri yanavyotanda ndivyo akili inavyodhoofika. Idadi ya mabaka peke yake haiandamani na udhaifu huo kwa karibu kiasi hicho. Na yote haya huanza mapema mno. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012, uliofanywa kwa watu wa jamaa ambazo hurithishana maradhi haya, ulionyesha kwamba kiasi cha amiloidi katika maji ya uti wa mgongo huanza kupungua miaka kama 25 kabla ya wakati unaotarajiwa wa dalili, na mabaka huonekana ubongoni miaka kama 15 kabla. Mtu huyo bado anafanya kazi zake, analea, anatania, anatunga, na chini ya hayo yote kitu kimekwisha kuanza.

Zamani haya yote yalithibitishwa baada ya kifo tu. Katika miaka ya 1990 ikawezekana kuyapima katika maji ya uti wa mgongo wa mtu aliye hai. Hapo lilionekana jambo la kustaajabisha: ubongo unapojaa amiloidi, maji hayo hupungukiwa nayo, kama bidhaa zinavyoadimika sokoni kwa kuwa zimerundikwa ghalani. Mwaka 2002 mjini Uppsala, Sweden, mgonjwa wa mwanzo alichomwa sindano ya kemikali inayong'ang'ania amiloidi, na mashine ya PET ikayapiga picha mabaka yake angali hai. Kisha ikaja zamu ya damu. Ipo aina ya tau iliyobandikwa fosfeti mahali panapohesabiwa kuwa ni pa 217 katika mnyororo wake, nayo hupanda katika damu ya mwenye maradhi. Mwaka 2024 ulichapishwa uchunguzi wa wagonjwa 1,213 nchini Sweden waliokwenda kwa madaktari kwa malalamiko ya kumbukumbu. Madaktari wa kawaida walipatia katika asilimia 61 ya wagonjwa wao, mabingwa katika asilimia 73. Kipimo cha damu kilipatia katika asilimia 91. Mnamo Mei 2025 Marekani iliidhinisha kipimo cha kwanza cha aina hiyo, kwa watu wa miaka 55 na zaidi ambao tayari wana dalili.

Shahidi wa kwanza, basi, amepata nguvu ambazo Alzheimer asingaliweza kuziota. Tone la damu linasema yale ambayo zamani yalihitaji kaburi.

Na shahidi wa pili? Naye hakukaa kimya. Mwaka 1986 mtaalamu David Snowdon alianza kuwachunguza watawa wa kike wa Kikatoliki huko Mankato, Minnesota. Baadaye uchunguzi ukawakusanya masista 678, wote wa miaka 75 na zaidi, na kila mmoja akakubali ubongo wake utazamwe baada ya kufa. Katika nyaraka za nyumba zao vilikutwa vijitabia walivyoviandika kabla ya kuweka nadhiri, wakiwa na umri wa miaka 22 kwa wastani. Ndani ya kurasa hizo msichana alieleza alizaliwa wapi, wazazi wake ni nani, na nini kilichomvuta kwenye utawa. Mwanaisimu Susan Kemper na wenziwe walihesabu ni mawazo mangapi yamebebwa na kila maneno kumi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996: katika masista 14 waliokwisha kufariki, wale wote ambao sentensi zao za ujanani zilibeba mawazo machache walikutwa na Alzheimer ubongoni, na hakukutwa hata mmoja miongoni mwa wale ambao sentensi zao zilikuwa nzito. Yaweza kuwa lugha iliyosheheni hujenga akiba ya kukabili maradhi. Yaweza pia kuwa sentensi nyepesi zilikuwa zimekwisha kuguswa na jambo la mbali. Kwa vyovyote vile, ukurasa wa msichana wa miaka 22 ulikuwa umetoa ushahidi miongo mingi kabla ya dalili.

Kisa cha Iris Murdoch kinakaribia zaidi maisha ya mwandishi. Riwaya yake ya kwanza, Under the Net, ilitoka mwaka 1954. The Sea, the Sea ikatoka mwaka 1978 na kupata tuzo ya Booker. Ya mwisho, Jackson's Dilemma, ilichapishwa mwaka 1995. Ilipofika mwaka 1997 ilijulikana kwamba ana Alzheimer. Alifariki Februari 1999, na ubongo wake ukathibitisha hivyo. Mwaka 2005 Peter Garrard na wenziwe walichapisha uchunguzi wa riwaya hizo tatu. Murdoch alikuwa akiandika kwa mkono na hakupenda mhariri amguse, kwa hiyo maneno yaliyomo yalikuwa yake. Katika riwaya ya mwisho sarufi ilikuwa imesimama karibu kama zamani. Kilichopungua ni msamiati. Maneno ya kawaida yalikuwa yamechukua nafasi ya maneno adimu, na maneno mapya yalijitokeza kwa uchache kuliko katika vitabu vya awali. Nyumba imesimama na nguzo zake, milango inafunguka na kufungwa, ila vyombo vya ndani vimeanza kuondolewa kimoja kimoja. Msomaji wa kawaida angepita asione. Ilihitajiwa kuyahesabu maneno, kama vile damu inavyohitaji kupimwa.

Mpaka hapa mashahidi wote wawili wanasema neno moja. Ugomvi unaanza wanapotofautiana.

Miongoni mwa watawa wa Snowdon alikuwapo mmoja ambaye maandishi yake yanamtaja kwa jina la Sister Mary. Alifariki akiwa na miaka 101, na majaribio ya akili aliyoyafanya kabla ya kufa aliyapita vizuri. Ubongo wake ulipofunguliwa ulikutwa umejaa mabaka na mafundo. Shahidi wa protini alisema huyu ni mgonjwa. Shahidi wa maneno alisema ni mzima. Wala hayuko peke yake. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015, uliokusanya tafiti nyingi, ulikadiria kwamba miongoni mwa watu wenye akili timamu amiloidi hupatikana kwa asilimia 10 ya wenye umri wa miaka 50, na asilimia 44 ya wenye miaka 90. Wengi katika hao hufa na maneno yao yote.

Waitwe nani watu hao? Mwaka 2024 wataalamu walijibu kwa njia mbili. Kundi lililoitishwa na chama cha Alzheimer cha Marekani lilisema ya kuwa maradhi ni protini: aliyepatikana nazo anayo maradhi hata kama hajapotewa na neno moja, japokuwa halikushauri watu wasio na dalili wapimwe katika tiba ya kila siku. Kundi jengine la kimataifa lilipinga: mtu asiye na dalili yuko hatarini tu, na hastahili kuitwa mgonjwa kabla ya akili yake kuonyesha udhaifu. Msomaji aweza kudhani kwamba huo ni ubishi wa majina. Lakini nani asiyejua ubishi wa jina unaweza kufanya nini? Mtu wa miaka 60 aliyepewa jina la mgonjwa hujisikiliza upya. Kila jina linalomtoka, lile ambalo jana angelicheka, leo ni hati ya mashtaka. Hapitiwi tena wala haghafiliki, anaumwa. Huenda wanawe wakamnyang'anya vitabu vya hesabu za duka kabla hajakosea hata hesabu moja.

Upande wa pili una hoja yake pia, nayo ni nzito. Anayejua mapema anaweza kuandika wasia akiwa na akili yake, kugawa amana za watu, kumaliza kazi aliyoianza, na kusema anayotaka kuyasema angali na maneno ya kuyasemea. Zaidi ya hayo, dawa zimeanza kupatikana. Kingamwili iitwayo lecanemab, iliyoidhinishwa kikamilifu Marekani mnamo Julai 2023, ilijaribiwa kwa watu 1,795 walio mwanzoni mwa maradhi kwa muda wa miezi 18. Iliyaondoa mabaka kwa wingi. Hata hivyo akili iliendelea kushuka, ila kwa mwendo wa polepole zaidi kwa asilimia 27: tofauti ya alama 0.45 katika mizani yenye alama 18. Na zaidi ya mmoja katika kila kumi alipata uvimbe wa ubongo ulioonekana kwenye picha, ingawa kwa wengi haukuleta dalili. Takwimu hizi ni sababu ya matumaini, na pia ni onyo: shahidi mmoja anaweza kusafishwa karibu kabisa, na mwengine akaendelea kutoa ushahidi wake.

Ndiyo maana haifai kumfukuza shahidi wa maneno barazani kwa kuwa wa damu amekuja na mizani mizuri. Katika sehemu nyingi za dunia huyo ndiye pekee anayefikika. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walikwenda nyumba kwa nyumba na kukuta maradhi ya kupoteza akili kwa asilimia 6.4 ya wazee wa miaka 70 na zaidi. Wengi wa wazee wa huko hawakupata kusoma shule ya kutosha, na majaribio ya kizungu ya kuandika na kuchora yangewahukumu kwa kosa lisilo lao. Kikatengenezwa kipimo kisichohitaji kalamu, kilichochapishwa mwaka 2014. Mzee hutakiwa kutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, kukumbuka orodha ya maneno aliyosomewa, na kuvipanga vijiti vya kiberiti kwa umbo aliloonyeshwa. Hakina sindano wala mashine, na muulizaji aliyefunzwa vyema anaweza kukitumia uani kwa mzee mwenyewe.

Kipimo hicho na vile vya maabara vinakutana mahali pamoja: vyote huanza baada ya mtu wa nyumbani kugundua kitu. Aliyemfikisha Auguste hospitalini alikuwa mumewe, na aliyemtunza Iris Murdoch alikuwa mumewe John Bayley, ambaye aliandika kitabu juu yake mwaka 1998. Daktari wa maradhi haya, awe Sweden au Kilimanjaro, humwuliza mgonjwa maswali kisha humgeukia aliyekuja naye na kumwuliza: tangu lini? Huyo ni shahidi wa tatu, asiyejua hesabu za fosfeti wala msongamano wa mawazo. Anachojua ni kwamba mama alikuwa akiujua wimbo wote, na sasa anaukatiza katikati.

Kipimo cha damu kitashuka bei, kitavuka bahari, na siku moja kitafika hospitali za mikoa. Na kije. Lakini jibu lake litasomwa nyumbani, na hapo kazi itakuwa ya huyo wa tatu: kutojibu kwa hasira anapoulizwa swali moja mara ya saba, na kumtajia mzee, kwa upole, lile jina lililomtoka.